Swali Namba Tatu

Kivaa,
Jumapili, 9 Januari 2022

Kwa Baba Ruqaya,

Salamu nyingi. Nilifika salama, mbuzi ni wazima, na Wambua ameniahidi kwamba lori lake litapita hapa kila Jumatatu na Alhamisi likipeleka ndengu na maembe Machakos, na kurudi siku ya pili yake. Kwa hivyo barua zetu zimepata gari. Pamoja na hii nimekutumia debe la muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa. Mwambie Mumbua aupike mpaka uive kabisa. Binti yangu nilimlea kwa muthokoi lakini hajawahi kuwa na subira ya kuungoja.

Najua unacheka ukiona nakuandikia barua na simu ninayo mfukoni. Mumbua amekueleza, lakini wacha nami nikueleze kwa mkono wangu. Kwetu Wakamba, mama na mume wa binti yake wana nthoni, yaani heshima yenye haya ndani yake. Hatutazamani usoni, hatushikani, hatuketi karibu karibu. Simu inamleta mkwe mpaka sikioni, na sikio liko jirani na shavu. Barua haina ubaya. Nikiandika, wewe uko kwako Machakos, mimi niko kwangu Kivaa, na hakuna anayemtia mwenzake haya.

Siku uliyokuja kuposa ukanishika mkono na kuubusu mbele ya wazee, nilidhani nitaanguka. Wifi yangu Winfred mpaka leo akitaka kunichekesha huubusu mkono wangu hivyo hivyo, akisema, "Shikamoo mama mkwe, niko na njaa." Nilikusamehe zamani. Nyinyi ni watu wa mjini, tena Waislamu wenye babu kutoka Lamu, na kwenu mama mkwe ni mama tu. Sikukwambia kwamba nimekusamehe, ndipo nakwambia leo.

Asante kwa zile siku kumi na mbili. Nilikuja kumwona mjukuu wangu na nimemwona, na furaha niliyo nayo hata sijui niiweke wapi. Pole tena kwa homa iliyokufungia chumbani wakati wa Krismasi. Nilikuwa nakusikia ukikohoa kupitia ukutani. Hata mafua yangu madogo yamekwisha.

Mkweo,
Nzilani


Machakos,
Alhamisi, 13 Januari 2022

Mama,

Shikamoo, na hii ya barua natumai haina makosa. Muthokoi umefika. Mumbua aliuinjika saa nne, saa saba akaanza kuuonja, saa saba na nusu tukaula ukiwa bado unagongana na meno. Nilikula sahani mbili nikasifu.

Ruqaya ana wiki tano na siku nne na ameanza kunitazama kana kwamba ananidai maelezo. Jioni nikitoka kliniki namkuta macho wazi. Nikimwimbia kaswida analala, mama yake akimwimbia nyimbo zenu za kanisani analala pia, kwa hivyo hatujui atafuata dini gani, ila usingizi anaujua.

Umetaja homa yangu. Ilikuwa ya baridi tu, Mama, ya kawaida, wala usiifikirie. Lakini hayo mafua yako yamekwisha kabisa? Hukosi pumzi ukipanda kilima? Ukisikia chochote mwilini, hata kidogo, naomba uniandikie. Si kwa sababu ya lolote. Ni kazi yangu tu, klinikal ofisa akikaa bila mgonjwa huanza kuwatafuta kwao mkewe.

Mwanao,
Ramzi


Kivaa,
Jumapili, 30 Januari 2022

Kwa Baba Ruqaya,

Uliniambia nikuandikie chochote, basi soma ucheke.

Ndengu zimekauka na tumeanza kuzipura. Jumatano homa ikanishika shambani. Winfred akanipeleka kwa Jeremiah mwenye duka la dawa. Jeremiah hanaga mashine nyingi, alinipima kwa macho akasema ni malaria, akanidunga sindano. Ijumaa homa ikawa iko palepale, akasema basi ni taifodi, akaniongezea vidonge vikubwa vya rangi mbili. Duka la Jeremiah lina magonjwa hayo mawili tu, na lazima mteja achukue mojawapo.

Macho nayo yamekuwa mekundu, sijui ni vumbi la ndengu. Leo nilivaa miwani myeusi ya Winfred nikaenda kanisani, na mzee wa kanisa akamwuliza mwenzake, "Huyu naye ako na nini? Akona mjukuu wa town sasa hatusalimii?" Nikacheka, lakini sikuweza kusimama wakati wa kuimba. Tumbo limekataa hata uji. Kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi la maji ni hatua kumi na mbili, na jana nilipumzika katikati.

Ni uchovu wa kazi. Usimwambie Mumbua, ananyonyesha, na maziwa hayapendi wasiwasi. Nakutumia asali chupa moja. Mizinga miwili imejaa mwaka huu, na nimefurahi sana kwa hilo.

Mkweo,
Nzilani


Machakos,
Jumatatu, 31 Januari 2022

Mama,

Sikucheka.

Nimemwambia Mumbua. Nisamehe, lakini ni mama yake. Amekupigia simu mbele yangu, nikasikia ukimwambia, "Mimi niko sawa kabisa, hata nataka kuenda kupura," na ukacheka kicheko kirefu mpaka ukakohoa. Mumbua ameridhika. Mimi sijaridhika.

Naomba unijibu kwa namba kama mtihani. Namba moja: homa hii imekaa siku ngapi bila kushuka? Namba mbili: macho yanatoa tongotongo au ni mekundu tu? Namba tatu: umetokwa na vipele au mabaka mekundu mwilini, na kama yapo, yako wapi, mgongoni, tumboni, mapajani? Namba nne: unakwenda haja ndogo kama kawaida, au imepungua? Namba tano: ukiwa umelala tu, moyo unakwenda mbio?

Acha vidonge vya Jeremiah. Kama jibu la namba tatu ni ndiyo, usipoteze muda kuandika. Panda lori la Wambua Alhamisi uje. Ikishindikana, nitakuja mwenyewe Jumamosi, nikipata mtu wa kunishikia zamu.

Ramzi


Kivaa,
Jumatano, 2 Februari 2022

Kwa Baba Ruqaya,

Barua yako nimeipokea jana na nimeijibu kama ulivyotaka.

Namba moja: leo ni siku ya nane. Namba mbili: mekundu tu. Namba tatu sijaisoma. Niliona neno moja pale nikaikunja karatasi, nikaiweka chini ya sahani. Namba nne nayo sijaisoma, kwa kuwa imekaa karibu na namba tatu. Namba tano: ndiyo, unapura ndengu peke yake.

Sasa nikukanye kidogo, kwa upendo. Mkwe hamwulizi mama mkwe habari za mwili wake hata kama ana cheti cha serikali. Winfred alinikuta nalia nikamwambia ni macho. Sikukasirika, Baba Ruqaya. Niliona haya, na haya ya mtu mzima ni nzito kuliko homa.

Usije Jumamosi. Ukija utakaa wapi na mimi nimelala? Mwandiko huu usidhani nimemtuma mtoto, ni wangu. Vidole vimevimba kidogo.

Mbusu Ruqaya kwenye kisogo. Hapo ndipo nilipokuwa nambusu mimi.

Mkweo,
Nzilani


Kivaa, kando ya tangi la maji,
Alhamisi, 3 Februari, saa tisa na nusu mchana

Mama,

Barua yako niliipata saa tano asubuhi. Anayebisha ni mimi. Gari ni la mwenye kliniki, na Mumbua amebaki na mtoto. Winfred ameniletea kigoda na amenikataza nisipite tangi. Sitapita. Naomba umruhusu Winfred akutazame mgongo na tumbo, kisha aje aniambie anachoona.

Ramzi


Ndani

Baba Ruqaya,

Karibu sana. Winfred akupe chai. Hakuna haja ya kunitazama. Winfred haoni vizuri.

Nzilani


Kando ya tangi, saa kumi kasoro robo

Mama,

Winfred ananiambia anaona vizuri kabisa, na kwamba tangu jana hujasimama. Namkabidhi mashine ya presha. Ataifunga mkononi mwako, abonyeze kitufe, aniletee namba. Mimi siingii.

Ramzi


Ndani

Hii ni mimi Winfred. 78 kwa 44. Mapigo 128. Nimepima mara mbili. Hayo mengine amekataa, amejifunika blanketi mpaka shingoni na joto hili.


Kando ya tangi, saa kumi na dakika kumi

Mama,

Presha hiyo ni ya mtu ambaye moyo wake unashindwa kazi. Sina tena muda wa kukuzunguka. Nakupa aibu yangu, nawe unipe yako, tuwe sare.

Homa yangu ya Krismasi haikuwa ya baridi. Tarehe ishirini na saba Desemba nilijipima kliniki, ikawa ni korona. Nilijifungia chumbani, nikamdanganya Mumbua, na wewe nikakudanganya mara mbili, kwa mdomo wa Mumbua na kwa maandishi. Niliogopa utaondoka kabla hujashiba mjukuu wako. Niliogopa pia watasema mkwe Mswahili alimwita mama wa watu mjini akamwambukize. Wewe ukapata mafua, nikanyamaza.

Ugonjwa ninaouogopa huja baada ya korona kuondoka, wiki nne au sita baadaye, hata kwa mtu ambaye hakuumwa sana. Huchoma mwili kwa ndani, macho, tumbo, ngozi na moyo. Jeremiah hawezi kuujua kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ulikuwa na korona. Mimi nilijua. Kama una yale mabaka niliyokuuliza, ndio huu, na kuna dawa, lakini iko Machakos wala si hapa.

Mimi ndiye niliyekuletea. Niruhusu nikupeleke ukatolewe.

Ramzi


Ndani

Ndiyo. Mgongoni, tumboni, na pale pengine ulipopataja. Tangu Jumamosi.

Nakuja. Ufumbe macho nikipita.

N.


Machakos, benchi la nje ya wodi,
Ijumaa, 11 Februari 2022

Mama,

Nesi amesema leo umekula uji bakuli zima na umemwuliza kwa nini hauna chumvi. Alhamdulillahi. Wageni hawaruhusiwi kwa sababu ya masharti haya ya korona, na hata wangeruhusiwa ningebaki hapa benchini, kwa hivyo nimempa yeye karatasi hii.

Nadhani hukumbuki mengi. Nilifumba macho kama ulivyoagiza. Ndiyo maana sikuona ulipoanguka, nilisikia Winfred akipiga kelele, "We Ramzi! Wachana na hiyo heshima, fungua macho, mama ameanguka!" Nikafungua. Ulikuwa umelala kwenye ngazi ya mlango. Nikakubeba mikononi, Mama, kutoka mlangoni hadi garini, na Winfred alikuja nyuma akikufunika leso ili kwa njia fulani nisiwe nimekubeba. Njiani nilikuwa nakuita jina lako. Sijawahi kulitamka kabla ya siku hiyo.

Daktari wa moyo amenieleza hivi, nami nakueleza kwa lugha ya mizinga yako. Korona ni mwizi aliyekuja mzingani. Nyuki wakaamka wakamfukuza, akaenda zake. Lakini nyuki hawakurudi ndani. Wakaanza kuwauma wenye nyumba. Moyo wako siku ile ulikuwa ukisukuma damu nusu tu ya kawaida yake. Dawa ya dripu unayopewa, steroidi, ni moshi wa kuwatuliza hao nyuki. Kipimo cha jana kinaonyesha moyo unapanda, na daktari anasema kwa umri wako wa miaka arobaini na sita utarudi sawasawa, ila usipure chochote miezi mitatu.

Siku ile alituuliza, "Nani alijua huyu mama aliwahi kuwa na korona?" Nikainua mkono. Mumbua alikuwa amesimama kando yangu. Hakunisemesha siku mbili. Ya tatu aliniwekea chakula. Amenisamehe nusu, na nusu nyingine anasema iko kwako.

Naomba uniambie kama umenisamehe kwa kukubeba, na kwa lile la korona.

Mwanao,
Ramzi


Kivaa,
Jumapili, 6 Machi 2022

Kwa Baba Ruqaya,

Nimekaa nyumbani wiki moja sasa na ninanenepa. Dawa hizi zimenivimbisha mashavu mpaka watu wanasema hospitali ilinipenda. Ngozi ya vidole inabanduka kama ulivyosema itafanya, na chini yake imetoka nyingine laini ya mtu asiyelima. Asubuhi natembea mpaka tangini na kurudi mara tano, Winfred akihesabu kama mwalimu.

Kuhusu kunibeba, habari imefika sokoni kabla yangu. Winfred amesimulia mara nyingi mno, na kila mara garini panakuwa mbali zaidi. Akina mama wa kikundi chetu walikuja kunijulia hali, wakakaa, wakanywa chai, halafu wakasema mkwe aliyembeba mama mkwe lazima alete mbuzi wa kuondoa nthoni. Nikawauliza, "Na angeniacha pale ngazini mngekuja kula nini?" Wakacheka. Lakini mbuzi bado wanamtaka, kwa hivyo nimechinja wangu mmoja mwenye kiburi nikawaambia umetuma wewe. Umeshukuriwa sana.

Jeremiah naye alikuja, ameshika kofia. Sasa kila mwenye homa anamwuliza kwanza kama aliwahi kuumwa korona. Amepata ugonjwa wa tatu, na nimempongeza.

Maembe yameisha, asali ipo.

Mkweo,
Nzilani


Machakos,
Alhamisi, 10 Machi 2022

Mama,

Nimefurahi mpaka nikamsomea Ruqaya barua yako yote. Kuhusu mbuzi, nitakuletea mwingine, naapa.

Lakini nilikuuliza mambo mawili na umejibu moja. Kuhusu korona hukuandika hata neno. Niligeuza karatasi nyuma nikatafuta. Kama bado una hasira ni haki yako, niandikie tu kwamba unayo, nijue. Kukaa bila kujua ndiko kunakonichosha.

Ramzi


Kivaa,
Jumapili, 20 Machi 2022

Ramzi,

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana mara mbili. Hii ya tatu nitampa Wambua kabla sijabadili mawazo.

Sina hasira na wewe. Ukae vizuri ndipo usome.

Tarehe kumi na sita Desemba tulimzika Bartholomew, aliyekuwa akituongoza kwaya. Alikufa kwa kifua. Tulimwimbia usiku na mchana, tumebanana kwenye hema, kila mtu akilia karibu na uso wa mwenzake. Siku ya tatu yake niliinjika muthokoi, ukaungua mpaka sufuria ikawa nyeusi, nami nimeketi hapo hapo. Sikusikia harufu. Winfred ndiye aliyekuja akikimbia kutoka kwake. Nikanusa mafuta ya taa, hakuna. Nikanusa kitunguu, hakuna. Redio ilikuwa imetuambia miaka miwili ni dalili ya nini. Nilijua, Ramzi. Hakuna mtu aliyehitaji kunipima.

Kesho yake Wambua alikuwa anaondoka na nilikuwa nimelipiwa nafasi mbele. Mjukuu wangu alikuwa na wiki mbili. Ningengoja siku kumi tu, angekuwa bado yupo. Nilijiambia hivyo na huku nafunga mzigo. Nikasema mimi sikohoi, mimi sina homa, ni pua tu. Kila nilipombeba nilijifunga leso mdomoni na puani, na Mumbua akiniuliza namwambia ni vumbi la mjini. Nilimbusu kisogoni tu kwa sababu hiyo. Watu walidhani ni mapenzi ya kipekee.

Siku ya sita ukaanza kukohoa. Nilijua ni mimi. Nilikaa upande wa pili wa ukuta nikiomba Mungu akuponye, wala sikuomba anipe ujasiri wa kusema, maana ningeweza kupewa.

Kwa hivyo si wewe uliyeniletea. Mimi ndiye niliyekuletea wewe, na nyumbani kwako, penye mtoto mchanga.

Pale tangini, uliponiandikia kwamba tupeane aibu tuwe sare, niliisoma barua yako mara mbili nikiwa hoi. Nilitaka kukujibu ukweli huu. Nikakupa ile aibu ndogo, ya ngozi, nikaificha kubwa. Wewe ukaona umelipwa, ukanibeba. Halafu nikakuacha wiki sita ukiwa na mzigo ambao ni wangu, na binti yangu akikunyima maneno. Nthoni ni kitu kizuri na nimeiheshimu maisha yangu yote, lakini mtu mwoga anaweza kujibanza humo siku nyingi asionekane. Nilijibanza.

Wodini nilikuwa nikimwuliza nesi kila asubuhi, "Mtoto ako aje?" Akaniambia, "Mama, hapa hatuna mtoto," akaandika kwenye faili kwamba nimechanganyikiwa. Sikuwa nimechanganyikiwa. Ni swali la pekee nililokuwa nalo. Sasa najua ni mzima, anacheka, ananenepa, na kwa hilo namshukuru Mungu nikiwa nimelala na nikiwa nimesimama.

Mpe Mumbua barua hii aisome mwenyewe. Usimsimulie, utanipunguzia makosa. Alhamisi tarehe ishirini na nne nakuja hospitalini kupimwa moyo. Nikimaliza nitapita nyumbani, kama bado nakaribishwa. Kama sikaribishwi, mwambie Wambua, nitaelewa, na nitarudi naye Ijumaa bila kupita kwenu.

Mama yako,
Nzilani


Machakos,
Jumanne, 22 Machi 2022

Mama,

Wambua anangoja na injini inawaka, kwa hivyo naandika upesi.

Nimeisoma. Niliketi kama ulivyosema, na nilipofika kwenye sufuria iliyoungua nikaanza kucheka, na nilipofika kwa nesi nikalia, na sikumbuki nilikuwa na hasira katikati. Mtoto ni mzima, wewe ni mzima, mimi ni mzima. Mimi sina ninachokudai.

Nilimpa Mumbua kama ulivyoagiza. Ameisoma amesimama, kisha akaisoma ameketi. Halafu akaniangalia akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hivyo Krismasi yote, nyote wawili mlikuwa mnanidanganya, kila mtu na upande wake wa ukuta?"

Amesema atangoja Alhamisi aulize tena tukiwa wote wawili, na ameshapanga viti. Chako kiko kando ya changu, Mama, na nthoni haitatusaidia, nimempima usoni.

Tafadhali usikose kuja. Ruqaya hulala kuanzia saa nane hadi saa kumi, na mtoto akiwa amelala Mumbua hapandishi sauti. Fika saa nane kamili.

Mwanao,
Ramzi